Usiitupe Kompyuta Kabla ya Kuuliza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kitete, Tabora. Maneno haya yalisemwa na Afisa Elimu. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena darasani, polepole.

 

Somo la leo ni juu ya kompyuta na mazingira. Najua wengi wenu hamjagusa kompyuta. Mmeiona tu ofisini, juu ya meza ya karani. Pengine wasema moyoni, "Jambo hili ni la vijana waliosoma. Mimi lanihusu nini?" Lakuhusu, na nitakueleza kwa nini.

Wewe ni mzazi, nawe hukaa katika mkutano wa shule. Au wewe ni mwanachama wa chama cha ushirika cha tumbaku au cha asali. Au wewe ni mjumbe katika kikundi cha kuweka na kukopa. Siku moja mwenyekiti atasimama aseme, "Kompyuta zetu zimepitwa na wakati. Tuzitupe, tununue nyingine." Fedha hizo ni zako. Shimo zitakamotupwa huenda liko karibu na kisima chako. Na mkono utakaoinuka kukubali au kukataa ni wako. Basi yafaa ujue la kuuliza kabla hujauinua.

1. JEMBE NA MHUNZI

Tuanze na kitu tunachokijua. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka wa 1912, mji wetu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Wapagazi walitoka Bagamoyo wakafika hapa, na wengine wakaendelea hadi Ujiji. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Nguo, shanga na bunduki zilikuja bara. Lakini katika biashara ya siku zile kilikuwako pia kitu kilichofanywa na watu wa huku huku, nacho ni jembe la chuma. Wahunzi wa Unyamwezi na Usumbwa walijua kuyeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe. Majembe hayo yalithaminiwa sana, hata yakatumika kulipia mahari.

Kupata chuma kipya kulitaka makaa mengi, na makaa hutoka katika miti. Miti ilikatwa, ikachomwa kuwa makaa, kisha watu wakavukuta tanuri muda mrefu mpaka chuma kikatoka katika mawe. Ilikuwa kazi kubwa, na msitu ulilipa sehemu ya gharama.

Lakini jembe likichakaa, mwenyewe hakulitupa. Chuma chake kilikuwa bado ni chuma. Mhunzi aliweza kulitia motoni, akaligonga, akalifanya jembe dogo au kisu. Kazi hiyo ilitaka makaa machache tu. Kwa hiyo kila chuma kilichofuliwa upya kiliacha miti kadhaa imesimama msituni.

Angalia sana, jambo hili liliwezekana kwa sababu mbili. Ya kwanza, chuma chenyewe kilikuwa kizima. Ya pili, mhunzi aliijua siri ya kazi yake, wala hakuna mtu aliyemkataza kulifungua jembe na kulitengeneza. Zikumbuke sababu hizo mbili. Zitatufaa mpaka mwisho wa somo.

2. KOMPYUTA INA MWILI NA INA MAAGIZO

Mwalimu, tafadhali andika neno hili ubaoni: PRO-GRA-MU. Wanafunzi walisome pamoja mara tatu.

Kompyuta ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mwili wake, yaani kioo, kibodi yenye herufi, nyaya, betri, na vipande vidogo vilivyomo ndani. Mwili huo waweza kuugusa. Sehemu ya pili ni programu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na watu, yanayoiambia kompyuta nini la kufanya. Maagizo hayo huwezi kuyagusa. Lakini bila programu kompyuta ni kasha tu.

Programu ziko za namna mbili.

Namna ya kwanza ni programu iliyofungwa. Mwenye kampuni huuza ruhusa ya kuitumia, lakini maandishi ya ndani huyaficha. Huruhusiwi kuyasoma, kuyageuza, wala kumpa jirani yako nakala. Ni kama kuuziwa baiskeli ambayo boksi lake limefungwa kwa kufuli. Ikigoma, huwezi kumpelekea fundi wa chini ya mwembe. Ni lazima umngoje aliyekuuzia.

Namna ya pili ni programu huria. Neno "huria" maana yake ni kuwa huru. Mwenye programu huria ana ruhusa nne. Aweza kuitumia kwa kazi yoyote. Aweza kusoma maandishi yake ya ndani na kujifunza. Aweza kuwapa wengine nakala. Tena aweza kuitengeneza iwe bora, na kuwagawia wengine matengenezo yake. Mara nyingi programu hizi hupatikana bila malipo, lakini jambo kubwa ni ule uhuru, bei hufuata nyuma.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Mwaka wa 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kwamba ataanza kuandika programu za namna hii. Mwaka wa 1991 kijana wa chuo kikuu huko Finland, jina lake Linus Torvalds, aliandika moyo wa programu iitwayo Linux. Maelfu ya watu wa nchi nyingi wameendelea kuijenga tangu siku ile. Mwaka wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha namna moja ya Linux akaiita Ubuntu. Neno hilo ni la lugha za kusini, lakini msikilizaji wa Kitete hahitaji mkalimani. Ni ndugu wa neno letu "utu".

3. KWA NINI KOMPYUTA NZIMA HUTUPWA

Sasa tuone kompyuta hufaje. Kuna kufa kwa namna mbili. Kompyuta hufa mwili, na kompyuta hufa maagizo.

Ikifa mwili, kitu fulani ndani yake kimeungua au kimevunjika. Lakini mara nyingi mwili ni mzima kabisa, ila programu ndiyo iliyofikia mwisho. Nitakupa mfano ulio wazi. Kompyuta nyingi duniani huongozwa na programu ya kampuni ya Microsoft iitwayo Windows. Toleo la kumi la programu hiyo lilitolewa mwaka wa 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ilikoma kulitunza toleo hilo kwa kawaida. Ilibaki nafasi kwa waliojiandikisha au kulipia matunzo ya muda maalumu. Kompyuta isiyotunzwa ni kama nyumba isiyofungwa mlango. Haianguki siku ile ile, lakini wezi hujua njia ya kuingia.

Toleo lililofuata, la kumi na moja, halikubali kuingia katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 2018 hivi. Basi fikiri. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi jana. Kioo chawaka. Kibodi yaandika. Karani aweza kuandika barua na kujumlisha uzito wa tumbaku. Lakini aambiwa, "Hii imekufa, nunua nyingine." Mwili haujafa, ndugu. Ni maagizo tu yaliyokoma.

Hapa ndipo programu huria inapookoa. Zipo namna za Linux zilizotengenezwa ziwe nyepesi ili ziweze kuendesha kompyuta za zamani. Moja kati ya hizo huitwa Lubuntu. Fundi huiondoa programu ya zamani, akatia hii mpya, na kompyuta iliyokuwa ikielekea shimoni ikarudi mezani kwa miaka mingine. Huyo ni mhunzi wa siku hizi. Mwili ni mzima, naye ana ruhusa ya kuufungua. Sababu zetu mbili zimetimia.

4. KOMPYUTA MPYA HULA NINI KABLA HAIJAWASHWA

Wengi hudhani kompyuta hudhuru mazingira kwa kula umeme tu. Umeme huliwa, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya madhara hutendeka mapema, kabla mnunuzi hajaiona.

Ndani ya kompyuta mna shaba, bati, dhahabu, na madini mengine mengi. Dhahabu twaijua, maana Geita si mbali nasi. Ili kupata dhahabu kidogo, huvunjwa mawe mengi sana. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndugu zetu wa Kongo huchimba kobalti, ambayo hutiwa katika betri. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka nchini mwao. Huchimba pia koltani, itumikayo katika vipande vidogo vya ndani. Milima hubomolewa, mito huchafuka, na katika sehemu za mashariki ya Kongo madini yamekuwa chanzo kimoja cha vita. Zamani pembe zilitoka bara, zikaenda ng'ambo, zikarudi bidhaa. Leo madini hufanya safari ya namna ile ile.

Kisha kuna kazi ya kiwandani. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walitoa hesabu ya kompyuta moja ya mezani pamoja na kioo chake cha zamani, kile chenye kichogo. Walisema kuitengeneza kulitaka walau kilo 240 za makaa ya mawe, mafuta au gesi, kilo 22 za kemikali, na kilo 1,500 za maji. Tufanye hesabu. Kilo 1,500 za maji ni lita 1,500. Debe moja ni lita 20. Basi maji hayo ni madebe 75. Mama unayebeba maji kichwani, zihesabu safari hizo. Madebe 75 kwa kompyuta moja!

Kompyuta za siku hizi ni nyepesi zaidi, na hesabu zake si zile zile. Lakini kanuni haijageuka. Kwa kompyuta ndogo ya kubebwa mkononi, sehemu kubwa ya moshi uletao joto duniani hutoka wakati wa kuitengeneza. Kwa hiyo kuitumia kwa miaka kumi badala ya mitano ni kama kufua jembe la zamani badala ya kuyeyusha mawe. Makaa machache hutumika, na miti hubaki imesimama.

5. INAPOTUPWA HUENDA WAPI

Mwaka wa 2022 watu wa dunia nzima walitupa vitu vya umeme na elektroniki vyenye uzito wa tani milioni 62. Hizo ni simu, redio, televisheni, friji, kompyuta na kadhalika. Hesabu hii ni ya Umoja wa Mataifa. Katika kila kilo 100 zilizotupwa, kilo 22 tu ndizo zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa vizuri. Katika Afrika haikufika hata kilo 1 katika kila 100.

Zilizobaki huenda wapi? Nyingine hulala ghalani. Nyingine hutupwa jalalani pamoja na maganda ya mihogo. Nyingine huchomwa moto na vijana wanaotafuta shaba ndani ya nyaya.

Sikiliza habari za Accra, mji mkuu wa Ghana. Palikuwa na mahali paitwapo Agbogbloshie. Kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipopabomoa mwaka wa 2021, vijana walikuwa wakichoma nyaya na vyombo vya umeme pale. Kuku walichakura katika majivu. Mwaka wa 2019 ilitolewa taarifa ya watafiti waliopima mayai ya kuku hao. Mayai yalikutwa na sumu nyingi mno, kupita kabisa kiwango kinachoruhusiwa katika chakula. Mtu aliyekula yai lile hakuona kitu. Lilikuwa na ladha ya yai.

Kioo cha zamani chenye kichogo kina madini ya risasi. Baadhi ya vioo bapa vya zamani vina taa zenye zebaki. Plastiki za nyaya zikiungua hutoa moshi wa sumu. Risasi huharibu akili ya mtoto, na akili ikiisha kuharibika hairudi. Kwetu Tabora maji ya bwawa la Igombe yametusaidia miaka mingi, na siku hizi maji ya Ziwa Victoria yameletwa pia. Hata hivyo visima bado tunavyo, na kuku bado huchakura penye majivu. Tusingoje mayai yetu yapimwe.

6. JE, KITU CHA BURE KINA NGUVU?

Mzee mmoja ataniuliza, "Mwanangu, cha bure hakina nguvu. Tutapewa takataka?" Swali hili ni zuri. Nitajibu kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza uko jirani nasi. Hospitali zetu, pamoja na hospitali ya mkoa iliyopo hapa Kitete, hutoa hesabu za wagonjwa, za chanjo na za uzazi. Wizara ya Afya hujumlisha hesabu za nchi kwa programu iitwayo DHIS2. Hiyo ni programu huria. Ilijengwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kazi hiyo. Ikiwa programu huria yaweza kubeba hesabu za afya za taifa, itabeba pia daftari la chama chetu.

Mfano wa pili ni wa lugha yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walianza kazi iliyoitwa Kilinux, ya kuzitia programu huria katika Kiswahili. Tunda lake la kwanza lilikuwa programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Hawakumngoja mwenye kampuni aone kwamba Waswahili wanafaa. Maandishi yalikuwa wazi, basi waliyafungua wakafanya kazi.

Mfano wa tatu watoka Ujerumani. Serikali yao huweka alama maalumu juu ya vitu visivyodhuru sana mazingira. Mwaka wa 2022, kwa mara ya kwanza, alama hiyo ilipewa programu ya kompyuta. Programu hiyo ni huria, nayo huitwa Okular. Ni ya kusomea maandishi. Masharti ya alama hiyo yalikuwa pamoja na haya: umeme unaotumiwa na programu upimwe na utangazwe, na programu iweze kufanya kazi katika kompyuta yenye umri wa miaka mitano au zaidi. Yaani programu haikuruhusiwa kumlazimisha mtu kutupa kompyuta yake.

7. PROGRAMU HURIA HUTUSAIDIA PIA KUHESABU MITI

Jambo hili nitalipitia upesi, lakini sitaliacha, kwa sababu sisi ni watu wa msitu. Asali yetu hutoka miombo. Tumbaku yetu hukaushwa kwa kuni za miombo.

Kuanzia mwaka wa 2009 wataalamu wa Tanzania walihesabu na kupima miti ya nchi nzima. Walisaidiwa na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, na serikali ya Finland. Walipima viwanja zaidi ya 30,000. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2015. Yalionyesha kwamba Tanzania Bara ina misitu ya hekta milioni 48.1, nayo ni zaidi ya nusu ya ardhi yake. Yalionyesha pia kwamba tumekuwa tukipoteza zaidi ya hekta 370,000 kila mwaka. Katika kuingiza na kujumlisha vipimo hivyo, zilitumika programu huria za FAO ziitwazo Open Foris.

Kwa nini ni vizuri zikawa huria? Kwa sababu hesabu ya msitu ni hesabu ya watu wote. Mwanafunzi wa chuo aweza kuichukua programu ile ile, akaona namna jumla ilivyopatikana. Mzani wa tumbaku ukiwa wazi, mkulima huamini. Mzani ukifunikwa kwa turubai, mkulima hunung'unika.

8. KABLA YA KUINUA MKONO

Sasa tuje kwenye mkutano wetu. Mwenyekiti amesema kompyuta zitupwe. Wewe simama kwa adabu, uulize maswali haya.

Swali la kwanza: "Ndugu mwenyekiti, kilichoharibika ni mwili au ni programu?" Fundi ajibu hili, wala asijibu kwa kubahatisha.

Swali la pili: "Je, imejaribiwa kwa programu huria?" Kujaribu ni rahisi. Programu hutiwa katika kiflashi kidogo, na kompyuta huwashwa kutoka katika kiflashi hicho, bila kufuta chochote kilichomo ndani. Ikifanya kazi vizuri, ndipo itiwe moja kwa moja. Kiflashi kimoja chaweza kutumika kwa kompyuta zote za shule, wala si wizi, kwa maana ruhusa ipo. Lakini kabla ya kutia moja kwa moja, ni lazima kazi zote za zamani zinakiliwe mahali pengine salama.

Swali la tatu: "Je, kipande kimoja kikibadilishwa itapona?" Betri mpya, au diski mpya, huweza kuipa kompyuta nguvu kwa fedha chache.

Swali la nne: "Nani atamfundisha karani?" Hili si dogo. Programu mpya ina sura nyingine. Karani asipofundishwa kwa majuma machache, atasema haifai, na kompyuta itarudi ghalani.

Nami nitakuwa mkweli. Programu huria si dawa ya kila ugonjwa. Ikiwa ofisi yalazimishwa kutumia programu fulani iliyofungwa, na programu hiyo haikubali Linux, basi ulizeni kwanza. Kompyuta nzito ya zamani sana, yenye kioo cha kichogo, hula umeme mwingi, nayo yafaa kustaafu. Tena kuna misaada ya kompyuta chakavu itokayo ng'ambo. Msipokee mpaka zimewashwa mbele yenu zikafanya kazi. Kompyuta iliyokufa mwili si msaada. Ni taka ya mtu mwingine inayotafuta shimo kwetu.

Na iliyokufa kabisa? Usiichome. Usiizike. Usiwape watoto kuivunja. Iwekwe mahali pakavu, penye kufuli, kisha ofisi ya mazingira ya Manispaa iulizwe ni nani mwenye kibali cha kukusanya taka za namna hiyo. Chombo cha taifa cha mazingira ndicho chenye kusimamia mambo hayo.

Ndugu wanafunzi, wahunzi wetu hawakuwa na neno "mazingira". Lakini walijua kwamba chuma kizima hakitupwi. Nanyi sasa mmejua swali la kuuliza. Mtu asiyejua kutumia kompyuta aweza kabisa kuiokoa kompyuta, na kisima, na kuku wake, kwa kusimama mkutanoni na kuuliza, "Ni mwili au ni programu?"

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Programu: maagizo yaliyoandikwa yanayoiongoza kompyuta.
Programu huria: programu ambayo watu wana ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuigawa na kuitengeneza.
Mazingira: vitu vyote vinavyotuzunguka, kama hewa, maji, udongo, miti na wanyama.
Risasi: hapa ni madini laini, mazito, yenye sumu, wala si ya bunduki tu.
Zebaki: madini ya majimaji yenye kung'aa, ni sumu.
Kufua: kupiga chuma cha moto ili kukipa umbo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kufua jembe la zamani kuliokoa miti?
2. Kompyuta yenye mwili mzima yawezaje kuitwa mfu?
3. Taja ruhusa nne za mwenye programu huria.
4. Vyombo vya umeme vilivyoharibika hutupwa wapi katika mtaa wenu? Je, pako karibu na kisima au mahali kuku wanapochakura?
5. Hesabu: ikiwa kompyuta moja ya zamani ilitaka madebe 75 ya maji kiwandani, kompyuta 10 zilitaka madebe mangapi?

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua fupi ya mistari sita kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwombe kompyuta za shule zichunguzwe na fundi kabla ya kutupwa. Taja sababu mbili. Mwalimu atazisoma barua, na barua iliyo bora darasa liipeleke.